Farasi Anayejua Kufungua Mlango

Katika Katanga farasi ni wachache. Sababu yake inajulikana. Mbung'o huleta ugonjwa wa nagana. Tena wako visubi, wadudu wadogo kuliko mbu, ambao huleta ugonjwa mkali sana wa farasi. Kwa hiyo mtoto wa Kasungami anawajua vema mbuzi, bata na kuku wa lupango lao, lakini farasi amemwona mara chache, au hajamwona bado. Hata hivyo wako watu wanaofuga farasi wa kupanda. Nao wafugaji, wa huku na wa nchi nyingine, wanajua taabu moja: farasi mwenye akili anayefungua mlango wa banda lake na kutoka.

Anafungua namna gani, naye hana vidole? Midomo ya farasi ni laini, tena ina nguvu. Analigusagusa komeo, analishika kwa midomo au kwa meno, analivuta. Kisha anausukuma mlango kwa kifua, na safari imeanza. Mwaka 2019 wataalamu waliandika habari za farasi wengi wenye kufungua milango. Walikuta ya kuwa wengi hutumia mdomo.

Watu wakimwona farasi nje, husema, «Huyu ni mnyama mbaya. Apigwe!» Lakini neno hilo si la haki, wala halina faida.

Farasi ni mnyama wa kutazama. Zamani katika mji wa Berlin, nchi ya Ujerumani, mwalimu mmoja, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi jina lake Hans. Watu walisema Hans anajua hesabu. Akiulizwa mbili na tatu ni ngapi, alipiga kwato chini mara tano. Kisha mtaalamu Oskar Pfungst aliichunguza habari hiyo vizuri. Akaona ya kuwa Hans hajui hesabu hata kidogo. Alimtazama mtu tu. Hesabu ilipofika mahali pake, mtu alitikisika kidogo bila kujua, na Hans aliacha kupiga. Lakini kama mtu mwenyewe hakujua jibu, Hans naye hakujua.

Basi, mnyama anayeona jambo dogo namna hiyo, je, hataona mkono unaovuta komeo mbele yake kila siku, asubuhi na jioni? Tena akitoka mara moja tu, akakuta mahindi, amepata mshahara wake. Kesho atajaribu tena.

Wengine husema, «Basi aachwe, atembee apendavyo.» Hilo nalo si jema. Kwanza, farasi hawezi kutapika. Tumbo lake ni dogo kwa mwili wake mkubwa, nalo limefanywa kwa majani, kidogo kidogo, mchana kutwa. Akikuta gunia la mahindi usiku na kula mpaka kushiba, tumbo linamwuma sana, na kwato zake zinaweza kuharibika. Anaweza hata kufa. Pili, visubi huuma zaidi tangu jua kushuka mpaka mapambazuko, na wakati wa mvua wanazidi. Ndiyo sababu ya kumweka farasi bandani usiku na kutia wavu madirishani. Akitoka, wavu hauna kazi. Tatu, kuna shamba la jirani. Mama amelima, amepanda mvua zilipoanza, amepalilia, amengoja miezi. Farasi anaweza kumaliza kazi hiyo kwa usiku mmoja. Watoto wa mama huyo watakula bukari ya nini?

Kwa hiyo hasara ni kubwa, na lazima mlango ufungwe. Lakini fimbo haifungi mlango. Farasi aliyerudishwa na kupigwa hafikiri, «Napigwa kwa sababu nilifungua komeo jana usiku.» Anafikiri, «Nimekubali kukamatwa, nimepigwa.» Siku nyingine akimwona bwana wake anakuja, atakimbia, na kumkamata kutakuwa kazi ya saa nyingi.

Mwenye farasi afanye nini? Atie komeo la pili chini ya mlango, mahali mdomo wa farasi haufiki. Mahindi ayaweke ndani ya pipa lenye kifuniko cha kufungwa, katika chumba kingine. Kisha aulize kwa nini farasi anataka kutoka. Labda ana njaa: apewe majani mengi, asikae usiku kucha bila kutafuna. Labda hatembezwi: apate kazi au matembezi kila siku. Labda yuko peke yake: farasi ni mnyama wa kundi, na wako wafugaji wanaomwekea hata mbuzi awe rafiki yake. Komeo bila majani wala rafiki humfundisha farasi kutafuta mlango mwingine.

Liko neno moja tena. Mara nyingi kijana wa kazi husema, «Farasi amefungua,» kumbe ni yeye aliyesahau kufunga. Farasi hawezi kujitetea. Kijana huyo aseme kweli, hata ikiwa kweli inamletea aibu. Naye bwana asimwadhibu kwa hasira, maana akifanya hivyo, kesho kijana atasema uongo, na mlango utakaa wazi vilevile.

Na jirani je? Mwenye farasi asimwambie, «Ni mnyama tu.» Aende mwenyewe, alione shamba, alipe mahindi yaliyoliwa. Mnyama ana akili ya kufungua mlango, lakini hana akili ya kujua shamba ni la nani. Akili hiyo amepewa mtu, na deni ni la mtu.