Tusiyaite Subira Maumivu Yanayoweza Kuondolewa



Mwezi uliopita tulikuwa na harusi kwetu. Zimebaki siku tano bibi harusi atiwe hina, na mtoto huyo wa dada yangu alikuwa bado hajaenda kupima damu. Mume mtarajiwa alishapima, akaambiwa ni AS: mwenyewe mzima, lakini amebeba kinasaba cha selimundu. Ikawa na bibi harusi naye lazima ajue hali yake, maana wawili wenye AS wakioana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. Nyumbani kila mtu alilijua hilo, na yeye pia. Lakini kila asubuhi alikuwa na udhuru: leo singo, kesho fundi wa nguo, keshokutwa kichwa kinamuuma.

Mwisho akaniambia ukweli. "Mama mdogo, mimi kile chuma cha kidole sikiwezi."

Shangazi yake akasikia, akaangua kicheko. "Hukiwezi kisindano, na uchungu wa kuzaa utauweza?" Chumba kizima kikacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nina siri ya miaka tisa, na leo naitoa hapa.

Mimba yangu ya pili nilipatwa na kisukari cha mimba. Daktari akaniambia nijipime mara nne kwa siku: asubuhi kabla ya kula, na kila baada ya mlo. Mara nne kwa siku ni mara 28 kwa wiki, na kwa miezi miwili unapita 200. Mashine ya kupimia sukari nilikuwa nayo, lakini kalamu yake ya kutobolea iliharibika mapema, na visindano vilikuwa ghali. Basi nikawa natumia kisindano kimoja siku tatu, nne, nakichomeka kwa mkono. Kila siku kilizidi kuwa butu, na mimi nilizidi kukandamiza.

Mie nashona kofia. Kazi yangu yote iko kwenye ncha za vidole. Ikafika siku siwezi kushika sindano ya kushonea. Nikaanza kuruka kipimo cha mchana, halafu cha usiku. Kwenye daftari nikawa naandika namba za kubuni: 5.1, 6.4, 5.8. Kliniki wakanisifu kwamba najitunza vizuri.

Mwanangu alizaliwa na kilo 4 na ushei, na sukari yake ikashuka mara tu alipozaliwa. Siku mbili nzima alikuwa akitobolewa kisigino kila baada ya saa chache ili sukari yake ifuatiliwe. Matobo niliyoyakimbia mimi aliyapata yeye, na mimi nimelala pembeni namsikia analia. Alhamdulillah, leo ni mzima na yuko skuli. Lakini kilio kile sijakisahau.

Kudanganya lilikuwa kosa langu, na nimemuomba Allah msamaha. Lakini kwa miaka mingi niliamini pia kwamba kuumia lilikuwa kosa langu, kwamba mimi ni dhaifu, sina subira. Hilo ndilo nililolikataa siku hizi, na ndilo nataka tulizungumze. Maumivu ya kidole hayakuandikwa mbinguni yawe vile. Sehemu kubwa yake hutokana na jinsi kifaa kilivyobuniwa na jinsi kinavyotumika. Kilichobuniwa vibaya kinaweza kubuniwa vizuri.

Tuanze na kidole chenyewe. Ncha ya kidole ina mishipa ya fahamu mingi kupita karibu sehemu zote za ngozi. Ndiyo maana tunaweza kupapasa uzi gizani. Ukitoboa katikati ya ncha ile, umegusa pale pale panapohisi zaidi. Pembeni ya kidole fahamu ni chache, na damu inatoka vile vile. Tofauti ya nusu sentimita tu, na haigharimu hata shilingi.

Halafu kifaa. Wengi wetu tunakijua kile kibapa cha chuma, chenye ncha ya wazi, ambacho muuguzi anakichomeka kwa nguvu ya mkono wake. Hakina kizuizi. Kina cha tobo kinategemea mkono wa aliyekushika na idadi ya watu waliobaki kwenye foleni. Wakati Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kwa mtu mzima kisindano kisizidi milimita 2.4, mkono hauna rula.

Kifaa cha springi kinafanya kazi kwa namna nyingine. Kisindano kimefichwa ndani, hukioni. Ukibonyeza, kinatoka na kurudi haraka mno, kabla hata hujashtuka, na kinaishia kwenye kina kilichopangwa. Vilivyotengenezwa vizuri vinakiongoza kisindano kiende moja kwa moja bila kutikisika, kwa sababu kisindano kinachotikisika ndani ya ngozi ndicho kinachochana na kuuma. Kipo kiitwacho Softclix ambacho unazungusha kichwa chake kuchagua kina, na kina ngazi 11. Aliyekaa akafikiria ngazi 11 alijua kwamba ngozi ya binti wa miaka 20 si sawa na ya bibi yake.

Unene nao una hesabu yake. Visindano hupewa namba, na namba ikipanda kisindano kinakuwa chembamba zaidi. Cha namba 28 kina unene wa takriban milimita 0.36. Cha namba 33 kinakaribia milimita 0.2.

Sasa utaniuliza: kwa nini basi wasitumie kile chembamba kabisa kwa kila mtu? Kwa sababu vipimo havihitaji damu sawa. Mashine nyingi za sukari za siku hizi zinatosheka na damu isiyofika maikrolita moja, kama kichwa cha pini. Kipimo cha haraka cha malaria kinataka kama maikrolita 5, cha wingi wa damu kama 10, na baadhi ya vipimo vya haraka vya virusi vya ukimwi hufika 50, ambalo ni tone zima lililojaa. Tobo linalofaa kwa sukari ni dogo mno kwa kipimo cha tone zima. Hapo ndipo muuguzi anapoanza kukukamua kidole, na akishindwa anakutoboa tena. Na tobo la tone zima ukilifanya mara nne kwa siku kwa ajili ya sukari tu, unajeruhi mtu bila sababu.

Kwa hiyo ninachodai si kisindano chembamba kwa wote. Ninadai tobo liendane na haja, na liendane na mkono. Na mikono yetu mnaijua. Mama wa Paje au Jambiani anayelima mwani, vidole vyake vimekomazwa na kamba na maji ya chumvi. Kisindano chembamba hakitapenya hapo, na lile tobo bichi kesho linaingia baharini. Anayesuka ukili, anayekuna nazi, anayeshona kofia, kila mmoja ana ngozi yake na anajua kidole gani hawezi kukitoa. Wanaobuni vifaa hivi, na wanaovinunua kwa ajili ya vituo vyetu, inawapasa wavijaribu kwenye mikono hii kabla ya kusema vinafaa. Watuulize. Hatujaulizwa.

Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakaacha kidole kabisa. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu kifaa kiitwacho TAP, kinachobandikwa juu ya mkono, karibu na bega. Ndani yake mna visindano 30 vidogo sana vinavyogusa ngozi mara moja, kisha hewa inavutwa na damu inakusanyika taratibu. Niliposoma habari zake nilitabasamu. Kukwaruza ngozi kidogo kisha kuvuta damu kwa hewa: si kuumika huku? Si hijama hii, wanayoijua wazee wetu tangu zamani? Sisemi kifaa kile kije kesho kwenye kila kituo, bei yake si ya kwetu. Nasema kinathibitisha kwamba akili ikitumika, damu inapatikana bila mtu kukunja uso.

Najua watakaoniambia: "Dawa zenyewe wakati mwingine hakuna, wewe unataka kisindano laini?" Hoja hiyo naiheshimu. Ni kweli kifaa cha springi cha kutumia mara moja na kutupa kina bei kuliko kibapa cha chuma. Lakini hesabu isiishie dukani. Stripu inayotupwa kwa sababu damu haikutosha ni pesa. Mtoto mchanga anayelazwa siku mbili ni pesa. Na kipimo ambacho mwanamke amekikimbia ndicho cha ghali kuliko vyote, kwa sababu bei yake inakuja baadaye na analipa mtu mwingine.

Tena dini yetu haikutufundisha kudharau maumivu ya wengine. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha ihsani katika kila jambo, mpaka kwa mnyama wa kuchinjwa: kisu kinolewe vizuri, mnyama asiteswe. Ikiwa ncha ya kisu ina adabu yake mbele ya mbuzi, je, ncha inayoingia kwenye kidole cha mja mzito? Subira ni kwa yale tusiyoweza kuyabadilisha. Maumivu ambayo mtu angeweza kuyaondoa kwa kufikiri kidogo, au kwa kusogeza kisindano nusu sentimita, tusiyapambe kwa jina la subira. Na tusimcheke anayeyaogopa.

Wakati tukisubiri wakubwa watusikie, haya tunayaweza wenyewe:

Osha mikono kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha ikaushe. Maji ya uvuguvugu yanaleta damu vidoleni. Na usijipime umetoka kumenya embe au kukata halua bila kunawa, mashine itasoma sukari ya kidole, si ya damu.

Ning'iniza mkono chini kidogo kabla ya kutoboa. Toa kidole cha kati au cha pete, pembeni. Kituoni sema bila haya: "Dada, naomba unitoboe pembeni." Kama ni mfanyakazi wa mikono, chagua mkono usioutumia sana. Anayejipima kila siku abadilishe vidole.

Kalamu ya kutobolea yenye ngazi, anza ya chini. Damu ikigoma, panda moja. Usikamue kwa nguvu.

Kisindano kipya kila mara. Mimi nilichotumia siku nne kilikuwa kimeshapinda ncha na nilikuwa najichana. Kilichotumika kitie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, watoto wasikifikie.

Kalamu haiazimwi, hata kwa mama yako, hata ukibadilisha kisindano. Damu kidogo isiyoonekana inaweza kubaki kwenye kifaa na kuambukiza homa ya ini aina ya B. Kila mwenye sukari nyumbani awe na yake.

Na kwa wanaouliza kila Ramadhani: kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, damu ya kidole haivunji udhu wala haibatilishi saumu. Ioshe tu, uendelee na ibada yako. Mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Bi harusi wetu? Nilimpeleka mwenyewe. Kabla hajakaa nilimuomba muuguzi atumie kile cha springi, atoboe pembeni, kidole cha pete. Muuguzi hakukasirika. Alisema, "Mngekuwa mnasema wote hivi, kazi yetu ingekuwa nyepesi." Kikalia kama kalamu ya kubonyeza. Bi harusi amefumba macho, anangoja. "Bado?" akauliza. Tone lilikuwa limeshachukuliwa.

Majibu ni yake na mumewe, siyaandiki hapa. Walikaa wakazungumza wakiwa na karatasi zote mbili mkononi, na wakaamua wakijua. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba usiku wa hina alinyoosha vidole vyote kumi mbele ya mpambaji, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na doa.

Kwa wewe bibi harusi unayesoma ukiwa na udhuru wako wa asubuhi: huna udhaifu wowote. Nenda, lakini nenda ukijua cha kuomba. Na wewe shangazi, mama, somo, utakayemsindikiza, usimcheke. Mshike mkono ule mwingine.

Allah atujaalie afya, watoto wema, na huruma ndani ya mikono yetu. Amin.