Jasho la Jikoni Nalo Lina Hesabu

Ndugu msomaji, jioni urudipo kutoka kazini ukakuta chakula tayari, nguo zimefuliwa na watoto wamekwisha oga, je, umepata kujiuliza kazi hiyo ina thamani gani? Swali hilo lilifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983, mbele ya majaji walioongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali.

Mke aliyetalikiwa alidai fungu katika mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka Mahakama ipime mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Baadhi ya majaji wa Mahakama Kuu walishikilia kwamba kutunza nyumba ni wajibu wa mke tu, wala si mchango. Mahakama ya Rufani ilikata shauri: kazi hiyo ni mchango.

Hata hivyo, mama huyo hakupata kitu. Mumewe alikwisha mpa fedha za kuanzishia biashara ya familia, naye akazitapanya. Yeye alishindwa, bali kanuni ilibaki, na hadi leo wanawake huitegemea mahakamani.

Marehemu Nyalali alikuwa Jaji Mkuu tangu 1977 hadi 2000. Mwaka 1991 Mahakama hiyo, naye akiiongoza, ilitamka kuwa kifungu kilichowanyima dhamana baadhi ya washtakiwa kilikiuka Katiba. Mwaka huo huo Rais Ali Hassan Mwinyi alimkabidhi tume ya kukusanya maoni juu ya chama kimoja au vyama vingi. Watu wapatao 80 katika kila 100 walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka pia mabadiliko. Tume haikuwapuuza wachache: ilipendekeza vyama vingi, vikaanza mwaka 1992. Ilitaja pia sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa.

Mke asiye na mshahara, mshtakiwa, mwenye maoni ya wachache: wote hao hapana budi wahesabiwe.

Basi, ndugu msomaji, usingoje hakimu akufanyie hesabu ya nyumbani kwako. Baba, mtambue anayeamka alfajiri kabla yako. Nawe mama, fedha ya nyumba uliyokabidhiwa itunzie hesabu. Haki ya ndoa huanzia hapo.