Usalama wa Wachimba Makaa ya Mawe

Makaa ya mawe si makaa ya kuni tunayopikia. Ni mawe meusi yanayochimbwa ardhini. Ndani yake mna gesi iitwayo methani. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Cheche moja inaweza kuilipua.

Tarehe 2 Januari 2006 mgodi wa Sago, jimbo la West Virginia, Marekani, ulilipuka. Wachunguzi walisema huenda radi ndiyo iliyowasha gesi. Mtu mmoja alikufa muda mfupi baadaye. Wenzake 12 walizuiwa na moshi. Walitundika pazia ili kuzuia hewa ya sumu, wakakaa nyuma yake. Walipiga nyundo kwenye vyuma vya darini ili watu wa juu wasikie. Hakuna aliyesikia. Walifikiwa baada ya saa 41 hivi. Mmoja tu alikuwa hai.

Fikiri, msomaji. Marekani ilifikisha watu mwezini mwaka 1969, wakasema na wenzao duniani. Miaka 37 baadaye, wachimbaji hawa walibakiwa na nyundo tu ya kuitia msaada. Kwa maoni yangu ujuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni kujali.

Mwezi Juni 2006 ilitungwa sheria mpya. Wenye migodi walitakiwa kuongeza vyombo vya kupumulia. Walipewa miaka mitatu kuandaa mawasiliano yasiyotegemea waya.

Lakini chombo peke yake hakitoshi. Wachimbaji wa Sago walikuwa na vyombo vya kupumulia. Yule aliyepona alisema vinne havikufanya kazi. Wachunguzi walipovipima waliona bado vilikuwa na uwezo wa kutoa hewa. Je, mtu aliye gizani, moshi ukimwingia machoni, atakumbuka alichofundishwa mara moja kwa mwaka? Hawezi. Ndiyo maana mazoezi sasa hufanywa kila miezi mitatu.

Tena kuna uzembe wa wenye mali. Vumbi la makaa hulipuka kama gesi. Dawa yake inajulikana tangu zamani: kunyunyiza unga wa mawe ya chokaa njiani mwote. Unga huo ni rahisi kupatikana. Hata hivyo, tarehe 5 Aprili 2010 watu 29 walikufa katika mgodi wa Upper Big Branch, jimbo hilohilo. Wachunguzi walikuta unga huo haukunyunyizwa vya kutosha.

Nani atengeneze vifaa vya usalama? Wengi hutazama viwanda vikubwa tu. Mimi sikubali. Migodi ya makaa si mingi, na kiwanda kikubwa hutafuta wanunuzi wengi. Karakana ndogo iliyo jirani na mgodi hutosheka na wanunuzi wachache. Fundi wake huenda ana ndugu shimoni. Sheria ile ya 2006 iliruhusu serikali kutoa fedha kwa vyuo na makampuni ili yabuni vifaa. Mafundi wadogo nao wapewe sehemu yao.

Hata sisi Tanzania tuna makaa ya mawe, kama kule Ngaka, mkoani Ruvuma. Fundi wetu anaweza kuanza na kamba ya kujiokolea. Kamba hiyo hufungwa kandokando ya njia ya mgodi. Imevishwa vidude vyenye umbo la pia, upande mmoja mwembamba, mwingine mnene. Ukienda nje, mkono hupita kwa ulaini. Ukirudi ndani, mkono hukwama. Mchimbaji haoni kitu, lakini mkono wake unajua njia.