Mwenye habari mbaya hushukuriwa au huhamishwa?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii twaitumia kwa wagonjwa, lakini naona yazifaa hata kampuni.

Sheria huilazimisha kampuni iliyo kwenye soko la hisa kutangaza faida na hasara zake. Mengine, kama vile wizi wa wafanyakazi wake, mara nyingi huachiwa hiari. Na hiari hiyo hutokana na mazoea ya ndani: anayempelekea mkubwa habari mbaya hushukuriwa au huhamishwa?

Jibu tuliliona Owino Uhuru, hapa Mombasa. Phyllis Omido ameeleza kwamba alipoajiriwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, alipewa kazi ya kusimamia ripoti ya mazingira. Ripoti ikashauri kiwanda kifungwe. Yeye akaondolewa kwenye kazi hiyo. Baadaye mwanawe akapatikana na risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, Mahakama ya Rufaa ikatengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha haki yao Desemba 2024. Ukweli uliokuwa ndani ya faili moja ya ofisi uliwagharimu watu afya zao na miaka ya kesi.

Wako wanaofanya vingine. Safaricom ilianza kutoa ripoti ya uendelevu 2012, miaka 9 kabla ya Soko la Hisa la Nairobi kutoa mwongozo wake. Humo imekuwa ikitaja hata idadi ya wafanyakazi waliofutwa kwa ulaghai. Sisemi ni malaika. Lakini ofisi ikizoea kuandika aibu zake kila mwaka, mdogo haogopi kuzipeleka juu.

Sasa wawekezaji wanaitwa Dongo Kundu, na sisi tukikaa barazani twauliza ajira tu. Ajira twazitaka. Lakini tuwaulize pia: kule mlikotoka, ni habari gani mbaya mliyoitangaza wenyewe kabla ya kulazimishwa? Kifungu cha 35 cha Katiba chatupa haki ya kudai habari hata kwa kampuni binafsi, pale zinapohitajika kulinda haki zetu. Tuidai mapema, kabla damu ya mtoto mwingine haijapelekwa maabara.