Programu ya tiketi: Tusiuziwe mbuzi kwenye gunia

Nani kati yetu hajaona kasheshe ya Desemba? Abiria kakata tiketi Dar aje Tukuyu kula sikukuu na wazee, anapanda basi na kukuta siti yake imekaliwa na mwenzake mwenye tiketi ya siti ileile. Kondakta anatoa macho. Wakala kazima simu. Ugonjwa huo ndio unaowafanya wenye mabasi, wenye gesti na vijana wa kukata tiketi, mpaka huku kwetu Kawetele, waulizane: tutengeneze programu yetu au tununue ya watu?

Sisi tunasema wazi. Kwa mwenye mabasi mawili au gesti ya vyumba 10, kutengeneza yake ni kujitia kitanzi. Kijana mwenye kompyuta atakuandikia programu kwa wiki chache, na itapendeza. Tabu inaanza baadaye. Kampuni ya simu inabadili utaratibu wa malipo, umeme unakatika katikati ya mauzo, mawakala wawili wanabonyeza siti moja kwa wakati mmoja. Siku hiyo yule kijana kashapata ajira Dar na simu hapokei. Unarudi kwenye daftari.

Shirika la ndege la American Airlines lilitengeneza mfumo wake, SABRE, kwa kushirikiana na IBM, ukakamilika mwaka 1964. Lakini wale hawakuwa na wa kuwauzia. Leo wauzaji wamejaa tele.

Halafu kuna LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ambayo imewabana wenye mabasi waingie kwenye tiketi mtandao. Kutengeneza mfumo wa basi bila kuuliza masharti yao ni sawa na kujenga kwenye hifadhi ya barabara: unamaliza kupaka rangi, kesho wanakuchorea X nyekundu.

Wauza programu wasishangilie. Kununua nako kuna ulanguzi wake. Tuseme basi la watu 50 linajaa kila siku na mwenye programu anachukua sh. 1,000 kwa tiketi. Hiyo ni sh. 50,000 kwa siku, sh. 1,500,000 kwa mwezi, kwa basi moja tu! Mwenye mabasi 20 akipiga hesabu hiyo, kuajiri vijana wake waliosoma pale MUST Mbeya si wazimu tena.

Na orodha ya abiria je? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubebesha mzigo wewe uliyechukua majina na namba za simu za watu. Zikivuja, huwezi kujitetea kwamba zilikuwa kwa jamaa wa Dar.

Wakubwa nao tunawaambia: wekeni masharti, kisha muacheni mwenye basi achague. Mfumo mmoja wa lazima hauna mshindani, utapandisha bei utakavyo, na mlalahoi ndiye atakayeilipa ndani ya nauli.

Vijana mnaotumwa na mabosi kuonana na wauzaji, msianze na bei. Mwambieni muuzaji azime intaneti mbele yenu, auze siti nne kwa simu mbili, kisha aiwashe muone nani kapewa ipi. Muulizeni pia kama siku ya kuachana atawakabidhi orodha yote ya abiria wenu. Akianza kuuma maneno, nyanyukeni mumtafute mwingine kabla Desemba haijafika.