Upande Mmoja Barafu, Upande wa Pili Joto

Jokofu lenye milango miwili iliyosimama bega kwa bega, wa kushoto ukiwa wa chumba cha kugandishia na wa kulia wa chumba cha kupozea, ni chombo cha fahari. Katika nyumba za Mpumudde, kitongoji cha Jinja kilichoko kilimani, chombo hicho huingia kwa shangwe na majirani hupita kukitazama. Miezi michache baadaye aghalabu huanza manung'uniko: maziwa yanachacha kwa usiku mmoja, mchuzi wa jana unanuka, ilhali upande wa pili samaki wamekuwa wagumu kama mawe. Fundi huitwa. Hutazama, husema gesi imekwisha, hutia gesi, hulipwa na kwenda zake. Na baada ya wiki mbili tatu ugonjwa ni ule ule. Fedha iliyokwenda huenda ilikuwa sehemu ya karo ya shule.

Katika hali kama hiyo gesi mara nyingi haina kosa. Katika majokofu yaliyo mengi ya namna hii, baridi hutengenezwa mahali pamoja tu, nyuma ya ubao wa ndani wa chumba cha kugandishia. Hapo pana mabomba membamba yenye baridi kali na feni ndogo inayopuliza hewa. Sehemu ya hewa hiyo hupitia kidirisha kilichoko juu ya ukuta wa kati, huingia chumba cha kupozea, kisha hurudi kwa njia ya chini. Maana yake ni kwamba chumba cha kupozea hakina baridi yake chenyewe. Huazima kwa jirani. Njia ikizibwa, mwazimaji hufa njaa huku mwenye mali akiwa ameshiba.

Njia huzibwa kwa sababu kadhaa. Iliyo nyepesi kuliko zote ni vyakula vyenyewe: sufuria iliyosukumwa hadi ikaegemea kidirisha, au mfuko wa mboga uliofunika tundu la chini. Ya pili ni mlango usiofunga sawasawa. Hewa ya pwani ya ziwa Nyanza ina unyevu mwingi, nao ukipenya huganda juu ya yale mabomba mpaka hewa isipate pa kupita. Ya tatu ni kuharibika kwa kipashajoto kidogo ambacho kazi yake ni kuyeyusha barafu hiyo kila baada ya saa kadhaa.

Kabla ya kumwita fundi, mwenye nyumba aweza kufanya jaribio lisilogharimu kitu. Aondoe vyakula, achomoe waya ukutani, aache milango yote miwili wazi kwa muda wa saa 24 na kutandika matambara chini. Kisha aliwashe tena. Ikiwa pande zote mbili zitapoa vizuri, halafu baada ya siku kadhaa au wiki moja upande wa kulia uanze tena kupata joto, basi barafu inajikusanya nyuma ya ubao, na fundi aelekezwe kwenye kipashajoto, kihisi chake au saa yake. Ikiwa hakuna mabadiliko, sikio lisogezwe karibu na chumba cha kugandishia: feni isiposikika, huenda imekufa. Ni haramu kuchokoa barafu kwa kisu. Bomba likitoboka ndipo gesi huisha kwelikweli, na majokofu mengi ya siku hizi yana gesi ya R600a, ambayo huwaka moto. Kibandiko kilichoko ndani au nyuma ya jokofu hutaja gesi iliyomo, na fundi asiyekisoma kabla ya kuwasha tochi yake ya kuchomelea asipewe kazi.

Kuhusu gesi yenyewe, yafaa ieleweke kwamba haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa katika jiko. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, pana tundu. Na fundi anayeongeza bila kulitafuta tundu anamwaga maji katika pakacha. Tena, gesi ikipungua, chumba cha kugandishia nacho hudhoofika. Samaki waliokauka kama mawe ni mashahidi wa kuitetea gesi.

Jina la Mpumudde maana yake ni "nimepumzika". Ndiko alikofia Omukama Kabalega wa Bunyoro mwaka 1923, njiani akirejea kutoka uhamishoni Shelisheli. Mota ya jokofu nayo yapasa kupumzika. Ile ya mtindo wa zamani huunguruma, hunyamaza, kisha huunguruma tena. Isiponyamaza mchana kutwa, kuna kasoro. (Zile za mtindo mpya huzunguka polepole karibu wakati wote, na hizo zisishukiwe bure.) Cha kwanza kutazamwa ni vumbi. Mabomba ya kutoa joto, yawe nyuma au chini, yasafishwe kwa brashi laini kila baada ya miezi mitatu, hasa nyumba ikiwa kando ya barabara ya udongo. Cha pili ni raba ya milango. Noti ibanwe mlangoni kisha ivutwe. Ikitoka bila kukaza, raba imelegea mahali hapo. Mara nyingi ni uchafu tu, nao hutoka kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Mlango mmoja ukionekana kuwa chini kuliko mwenziwe, sakafu ndiyo isiyo sawa; miguu ya mbele ina skurubu za kurekebishia, nayo iinuliwe kidogo kuliko ya nyuma ili milango ijifunge yenyewe.

Maji yakionekana chini ya droo, tundu la kutolea maji limeziba. Maji ya moto kidogo humaliza kesi hiyo.

Yako magonjwa, hata hivyo, ambayo huanzia dukani. Jokofu la namna hii huwa na upana wa sentimita 90 hivi, urefu wa karibu 180, na huchukua lita 500 au zaidi. Upimaji usiishie jikoni. Kila mlango wa kupitia upimwe pia, kwa maana wako waliolazimika kuvunja fremu ya mlango wa nyuma. Nyuma na juu iachwe nafasi ya sentimita 5, pembeni 2 au 3, na mbele pawe na nafasi ya milango kufunguka wazi kabisa, la sivyo droo hazitatoka. Likisafirishwa likiwa limelazwa, lisimamishwe hadi kesho yake ndipo liwashwe.

Ukubwa wake nao hudanganya. Chumba cha kugandishia ni kirefu lakini chembamba. Sangara mzima aliyenunuliwa Masese, ambaye wenyeji humwita mputa, hatalala humo mpaka akatwe vipande. Familia ya watu sita inayokwenda sokoni mara mbili kwa wiki hutoshelezwa na jokofu la kawaida la lita 300 au 350. Familia yenye kuuza samaki au maziwa itafaidi zaidi kwa friza ya kulala, ile inayofunguliwa juu. Kununua lita 600 ili kupoza chupa tatu za maji ni kulipia yuniti za Yaka bure.

Jokofu lililoletwa na ndugu kutoka Marekani lisichomekwe ukutani kwa furaha. Huko umeme ni wa volti 120 hivi na Uganda ni 240. Transfoma hubadilisha volti, lakini haibadilishi mapigo 60 kuwa 50.

Mtu angetarajia kwamba mji uliokaa mlangoni pa bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, usingekosa umeme. Lakini umeme hukatika Jinja kama kwingineko, na hatari kubwa ni pale unaporudi kwa kishindo. Kwa hiyo kifaa cha kulinda friji, chenye kuchelewesha umeme kwa dakika 3 hadi 5, kinunuliwe siku ile ile linaponunuliwa jokofu.

Umeme ukikatika, milango isifunguliwe. Chumba cha kupozea huhifadhi chakula kwa saa 4 hivi. Cha kugandishia, kikiwa kimejaa, kwa saa 48, na kikiwa nusu, saa 24. Penye mgonjwa wa kisukari, insulini ikae katikati ya rafu, mbali na kidirisha cha hewa, kwa kuwa ikiganda haifai tena. Na kwa wanaosafiri, kikombe cha maji kigandishwe, kisha sarafu iwekwe juu ya barafu. Wakirudi wakaikuta sarafu chini ya kikombe, nyama na samaki hao wasipikwe, hata kama sasa wamekuwa wagumu tena.