Imani Haitegemei Kiti cha Mfalme

Wako ndugu wasemao, "Mpateni mkubwa kwanza, wadogo watafuata wenyewe, mtegemea nundu haachi kunona." Maneno hayo nimeyasikia barazani, hata mlangoni pa kanisa, nami nasema kwamba si kweli. Na tutazame habari za Mapadre Wajesuiti katika dola ya Kiislamu ya Wamoguli, huko Bara Hindi. Shauri hilo walilijaribu watu hodari kuliko sisi.

Mfalme Akbar alikuwa mtu apendaye kuuliza. Mwaka 1575 alijenga nyumba ya mabishano ya dini katika mji wake wa Fatehpur Sikri, kisha akapeleka ujumbe Goa kwa Wareno, kuomba mapadre. Mwaka 1580 wakafika watatu: Rodolfo Acquaviva, Mwitalia, Antonio Monserrate, Mhispania, na Francisco Henriques, Mwajemi aliyekuwa Mwislamu zamani, ndiye mkalimani wao. Wakampa Biblia ya lugha nyingi. Akavibusu vitabu vyake na kuviweka kichwani. Akamkabidhi Monserrate mwanawe Murad amfundishe. Nani asingedhani kwamba mavuno yamekaribia?

Walakini mfalme alisikiliza tu. Aliwasikiliza Mapadre, na Wahindu, na Waparsi vile vile. Acquaviva akaondoka mwaka 1583. Mwaka 1595 akaja Jerome Xavier na wenziwe, naye akakaa miaka karibu ishirini. Mwaka 1602 alimaliza kitabu cha maisha ya Bwana Yesu kwa Kiajemi, akampa mfalme. Kazi njema! Lakini Kiajemi kilikuwa lugha ya wakubwa na makarani, wala si lugha ya mkulima na mkewe shambani. Mwaka 1605 Akbar akafa, asibatizwe.

Akatawala mwanawe, Jahangir. Mwaka 1610 wana watatu wa nduguye wakabatizwa kwa shangwe kubwa. Baada ya miaka michache wakaurudia Uislamu. Mwaka 1613 Wareno wakaiteka merikebu ya mama yake mfalme karibu na Surat. Mfalme akaghadhibika, akayafunga makanisa. Angalieni! Kosa lilikuwa la mabaharia, na adhabu ikaliangukia kanisa. Mlango uliofunguliwa kwa hisani ya mfalme hufungwa kwa hasira yake.

Mtanijibu, "Bila ruhusa ya mfalme wasingejenga hata kanisa moja." Ni kweli, na Akbar astahili sifa kwa ruhusa ile. Lakini ruhusa ni kiwanja, si nyumba. Apewaye kiwanja akaketi kumsifu mwenye ardhi, mvua itamkuta nje. Wala siwadharau Mapadre wale. Walivumilia mengi, wakajifunza lugha ngeni kwa bidii itupasayo kuiona haya. Ninalolipinga ni lile tumaini la kwamba moyo wa mtu mmoja utabeba mioyo ya maelfu.

Basi, ndugu msomaji, jirani yako asiyejua kusoma asingojeshwe mpaka mkubwa wa kijiji aingie kanisani. Mfundishe leo, kwa lugha anayoitumia na watoto wake. Wenye kupenda mithali ya nundu na waikumbuke na hii: mtegemea cha nduguye hufa maskini.